Najua kila choo kutoka Nakuru hadi Kisumu. Hivi wasiwasi unaweza kumfanya mtu akojoe hivi?

MwanaLanet · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau, salaam. Nimekaa na hili jambo zaidi ya mwaka nikiona haya. Lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo leo nauanika.

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, naishi Lanet, nafanya kazi idara ya mikopo kwenye sacco fulani hapa Nakuru. Familia iko Kisumu upande wa Mamboleo. Kila Ijumaa jioni napanda matatu, Jumapili narudi. Ni kama kilomita 180 hivi. Zamani nilikuwa nafumba macho Salgaa, nayafumbua Ahero nikiamshwa na joto. Siku hizi silali. Siku hizi najua kuna choo nyuma ya fundi wa tairi karibu na Mau Summit, najua Kericho stejini ni shilingi 10 na yule mama hana chenji ya mia, najua Awasi kuna hoteli ambayo wakikuona hujanunua kitu wanakwambia maji yamekatika.

Ilianza mwaka juzi wiki ya Krismasi. Lori lililala barabarani kule juu Mau Summit, tukakwama zaidi ya saa tatu. Mvua, giza, na ile baridi ya kule inayoingia hadi kwenye mifupa. Nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, dirishani, nimeshushia soda kubwa Nakuru. Nikabanwa. Mbele yangu kulikuwa na akina mama wawili na mtoto amelala katikati yao, nikaona aibu kuwaamsha. Nikavumilia mpaka magoti yakaanza kutetemeka. Nilipoomba njia, makanga akapaza sauti: "Mpisheni huyu, anamwaga!" Gari zima likaangua kicheko. Nilifika nje, lakini sikufika nje mkavu.

Tangu siku hiyo kibofu changu kimekuwa na akili zake. Kabla ya kupanda gari naenda mara tatu. Ya tatu hakuna kitu, ni matone kama ya kijiko. Nikikaa tu kwenye kiti na mlango ukifungwa, nahisi nimejaa tena. Kazini nako kumeharibika. Mkutano wa Jumatatu, meneja akisema "haya tuanze", na kibofu nacho kinaanza.

Matibabu: kemisti mara tatu, antibiotiki mara tatu, eti ni maambukizi ya mkojo. Zahanati moja ikaniambia ni taifodi, nikameza dawa siku kumi. Hakuna hata mmoja aliyeniomba mkojo autazame. Sukari nilipimwa bure kwenye kambi ya matibabu ya kanisa, asubuhi kabla ya kula, ikatoka 5.2. Sichomeki nikikojoa, sina homa.

Sasa jambo linaloniumiza kichwa. Usiku nalala saa nne, naamka saa kumi na mbili, siendi msalani hata mara moja. Na Gor wakicheza, dakika 90 nzima sitoki kwenye kiti. Mke wangu ndiye aliyeniamsha akili: "Baba Hawi, hicho kibofu chako kinajua kutazama mpira?"

Je, hii inaweza kuwa ni hofu tu? Na kama ni hofu, mbona mkojo unatoka kweli?

---

OmeraKondele · saa 3:22 usiku

Omera, "sikufika nje mkavu" imenimaliza. Pole lakini, nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Hiyo ramani ya vyoo usiitupe, kuna watu watainunua.

---

MitiShambaOriginal · saa 3:40 usiku

Hapo kuna ubaridi umeingia kwenye figo tangu ile siku ya mvua. Nina unga wa mizizi wa siku 7, unamaliza kabisa. Njoo faraghani tuongee bei.

---

MwalimuChwele · saa 3:51 usiku

Mwaka jana ilikuwa dawa ya presha, mwaka huu ni figo. Mizizi ni ile ile, ndugu yangu?

---

Kamwana58 · saa 4:05 usiku

Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Wasiwasi ni ugonjwa wa wazungu na wa watu wenye muda. Baba zetu walikuwa wanatembea kutoka Njoro hadi Nakuru kwa miguu, hatukusikia mtu ana "stresi ya kibofu". Kijana, kunywa maji kidogo, fanya kazi.

---

MwalimuChwele · saa 4:19 usiku

@Kamwana58 ugonjwa wa wazungu vipi, na Kiswahili chenyewe kimejaa? Tunasema "tumbo joto". Tunasema fulani "alijikojolea kwa woga". Nani aliwafundisha wahenga maneno hayo, daktari wa Uingereza? Mimi nasimamia mitihani Bungoma huku. Karatasi ya kwanza ya KCSE haijafunguliwa, tayari mikono minane iko juu inaomba ruhusa, na kila anayetoka lazima asindikizwe. Hao wanane usiku uliopita walilala vizuri na wiki ijayo mtihani ukiisha hawana shida. Walikunywa maji mangapi saa mbili asubuhi?

---

SistaWaMaseno · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku, niwieni radhi kama nitaandika kwa kirefu. Mimi ni muuguzi mwaka wa 16 sasa.

@MwanaLanet jibu lako ni ndiyo, inawezekana, na mkojo ni wa kweli kwa sababu figo hazilali. Zinatengeneza lita moja hadi mbili kwa siku, tone kwa tone. Ukienda dakika 20 baada ya kwenda, utakuta kuna kidogo kimeingia. Kwa hiyo kutoka kwa matone si ushahidi kwamba ulikuwa umejaa.

Ngoja nikueleze jinsi hicho kifuko kinavyofanya kazi, maana ukielewa hapa umeelewa nusu ya shida. Kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 400 hadi 500. Lakini kengele ya kwanza inalia mapema, kikiwa na 150 au 200 tu. Kengele hiyo si amri, ni taarifa. Inapanda kwa neva za uti wa mgongo hadi kwenye shina la ubongo, na ubongo wa mbele unajibu: "Nimesikia, bado." Kibofu kinatulia, kinaendelea kujaa. Siku nzima wanasemezana hivyo na wewe huna habari, unauza, unapika, unatazama mpira.

Sasa mtu mwenye hofu ubongo wake unakuwa kama mlinzi aliyewahi kuibiwa akiwa zamuni. Kila jani likianguka anapiga filimbi. Taarifa ya mililita 60, ambayo jana angeipuuza, leo anaipokea kama hatari. Wewe ulifedheheka ndani ya gari, kwa hiyo mlango wa gari ukifungwa tu, mlinzi yuko juu ya ukuta. Ndiyo maana mpira unakuponya. Huyo mlinzi ameajiriwa kwingine kwa dakika 90. Na ndiyo maana usiku unalala. Kibofu kilichoharibika, au sukari, au tezi dume, mara nyingi havimwachi mtu alale saa nane mfululizo.

Kuna jambo linalowachanganya hata wanafunzi wetu wa uuguzi. Adrenalini, ile homoni ya kukimbia au kupigana, ikifika kwenye kibofu kazi yake ni kukilegeza kipokee mkojo zaidi na kufunga mlango wa chini. Ukisoma hapo tu utasema mwoga hapaswi kukojoa! Shida haiko kibofuni, iko juu, kwa huyo mlinzi. Ongeza na misuli ya sakafu ya nyonga: mwoga anaikaza bila kujua, jinsi anavyokaza mabega na taya. Misuli iliyokazwa kutwa inachoka, inatoa hisia ya kujaa, na ukifika chooni haiachii vizuri. Unatoka umebakisha. Dakika kumi, umerudi.

Halafu kuna kosa ambalo ni lako mwenyewe, usinikasirikie. Kwenda "nisije nikabanwa". Mara tatu kabla ya gari. Kila unapokimwaga kibofu kikiwa na kikombe cha kahawa cha mzee wa Pwani, unakifundisha kwamba hicho ndicho kipimo chake. Baada ya miezi kinaamini.

Kuhusu Mau Summit, hapo mlima nao una lawama kidogo. Kule ni juu sana kuliko Kisumu, na baridi ni baridi. Ngozi ikipata baridi mishipa yake inajibana, damu inarudi ndani, figo zinaona damu imezidi na kutoa maji. Pia hutokwi jasho. Ukishuka Ahero unatoka jasho na mkojo unapungua. Kwa hiyo kubanwa kule juu ni kwa kila abiria. Tofauti ni kwamba wao hawaogopi.

Ila sikubaliani na mtu yeyote kuambiwa "ni wasiwasi" kabla mkojo wake haujaonwa. Nenda hospitali yoyote ya serikali, toa mkojo kwenye kikopo, wachovye ile karatasi. Inaonyesha chembe za maambukizi, damu, protini na sukari kwa dakika chache. Sukari yako ya 5.2 ni salama. Kipimo cha kabla ya kula kikifika 7.0 na kikirudiwa kikafika tena ndiyo tunasema mtu ana kisukari.

Kisha nataka ufanye kazi moja ya nyumbani. Nunua jagi la plastiki lenye alama za mililita. Siku tatu, andika kila ukojoapo: saa, kiasi, na ulikuwa unafanya nini. Andika na ulichokunywa. Rudi na daftari hapa.

---

NduthiNyalenda · saa 1:15 asubuhi

Sista, mimi naendesha boda na pikipiki naiosha ziwani Dunga kila siku, miguu majini. Watu wanasema kichocho ndicho kinakojolesha. Nipime?

---

SistaWaMaseno · saa 1:30 asubuhi

@NduthiNyalenda pima mwanangu, maana miguu majini kila siku ni sababu tosha. Ila uelewe, vichocho ni viwili. Cha kibofu kinajulikana zaidi kule Pwani, na dalili yake ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho. Huku ziwani kinachotawala ni cha matumbo: tumbo kuuma, kuhara, damu kwenye choo kikubwa, na kikikaa miaka kinaharibu ini. Kwa hiyo utatoa choo pia, si mkojo peke yake. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi. Na kunywa maji. Ninyi wa boda mnakaa kutwa juani bila maji, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na mkojo mkali unakikera kibofu kikataka kutoa kila mara.

---

MzeeLuanda · saa 2:48 asubuhi

Mulembe wanangu. Nimesoma yote bila miwani, kwa hiyo mnisamehe nikikosea.

Mimi nina miaka 63. Naamka mara nne usiku. Nikifika nasimama kama mtu anayesubiri basi, ukija unakuja kwa kamba nyembamba, unakatika, unaanza tena. Mke wangu marehemu alikuwa akisema nina mawazo mengi kwa sababu ya kesi ya shamba. Nami nikaamini ni mawazo. Sasa nikimsoma huyu kijana naona yeye analala usiku, mimi silali. Sista, hii yangu nayo ni mlinzi?

---

SistaWaMaseno · saa 3:05 asubuhi

Baba, shikamoo. Hapana, huyo si mlinzi. Mwanamume aliyevuka 50, mkojo mwembamba, wa kusubiri na kukatika, na kuamka mara nne: hiyo ni tezi dume mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mara nyingi ni kukua kwa kawaida kwa umri, si saratani, na kuna vidonge. Lakini lazima ipimwe kwa damu na kwa kidole, njia ya haja kubwa. Ndiyo, kwa kidole, ni dakika moja, na daktari ameona wengi. Na tafadhali baba, ukifika siku mkojo umekataa kabisa kutoka na tumbo la chini limevimba, usisubiri asubuhi. Hiyo ni dharura ya saa ile ile.

---

MzeeLuanda · saa 3:11 asubuhi

Marahaba. Hilo la kidole nitaliwaza.

---

MamaTatu_Kakamega · saa 5:20 asubuhi

Niongeze upande wetu wanawake, maana mnazungumza kama sisi hatukojoi. Mimi vyoo vya umma siwezi kukalia, nainama nusu nikiwa nimeshika mkoba kwa meno. Daktari aliniambia ukining'inia hivyo misuli ya mapaja na nyonga inakaza, mkojo hautoki wote. Bora cha shimo cha kuchuchumaa, pale angalau mwili unaachia. Nilizaa watatu, baada ya wa tatu nikichezea ufunguo mlangoni tu nabanwa mpaka naruka. Nikisikia bomba la maji, vivyo hivyo. Si kwamba nimejaa. Ni mlango wa nyumbani unajua choo kiko karibu.

Na wanawake wenzangu, kama una mimba, au umekosa siku zako, anzia hapo kabla ya kulaumu stresi.

---

Kamwana58 · saa 6:02 mchana

Mkoba kwa meno 😂 Sawa, nimeshindwa na Mwalimu jana. Lakini bado nasema kijana apunguze soda.

---

SistaWaMaseno · saa 6:30 mchana

Kwa soda uko sahihi @Kamwana58, na kwa chai pia. Majani ya chai yana kafeini, na kafeini inakikera kibofu, na huku kwetu mtu anakunywa mugi mbili nzito kabla ya safari ndipo anashangaa. Lakini asipunguze maji mpaka midomo ikauke, hilo linageuka kuwa shida nyingine.

---

MwanaLanet · Ijumaa, saa 4:55 asubuhi

Wadau nimerudi. Mkojo umepimwa, karatasi haikuonyesha chochote: si maambukizi, si sukari, si damu. Yule wa maabara akaniuliza nani alinipa antibiotiki mara tatu. Nikanyamaza.

Daftari ninalo. Mke wangu alicheka jagi akasema lisionekane jikoni milele. Jumatano, siku ya mkutano wa mkaguzi: mara 17. Asubuhi nilipoamka mililita 450. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Halafu zilizobaki 16 ni 60, 80, 50, 90, moja ilikuwa 30. Jumla ya siku 1,570. Alhamisi, siku ya kawaida, mara 12. Jumanne jioni nilikuwa nikimfundisha mtoto hesabu, saa mbili na nusu zikapita bila kwenda, nikatoa 280.

Kwenye ile sehemu ya "ulikuwa unafanya nini" niliona aibu mwenyewe. Nimeandika: "kabla ya kumpigia mteja aliyechelewesha mkopo." "Kabla ya kuingia kwa meneja." "Kabla ya kutoka nyumbani." "Baada ya kufika, kwa sababu choo kipo." Kabla, kabla, kabla.

---

SistaWaMaseno · saa 7:20 mchana

Umeona? Kibofu kinachobeba 450 usiku hakijawa kidogo. Ni kile kile. Na 1,570 kwa siku ni kiasi cha mtu wa kawaida. Mwenye kisukari kilichopanda ungemwona na lita tatu na zaidi, akinywa maji kama ngamia na kukonda. Wengi wetu huenda mara sita hadi nane mchana na usiku. Wewe mwili ni mzima, ratiba ndiyo imeharibika.

Sasa mazoezi. Ukihisi, usikimbie. Kukimbia kunamthibitishia mlinzi kwamba kweli kuna mwizi. Simama au kaa pale pale. Kaza misuli ya chini, ile unayotumia kukata mkojo, haraka haraka mara tano au sita, kisha iachie kabisa. Kuachia ni muhimu kama kukaza, usisahau, kwako hasa. Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita. Inua visigino ushuke, mara kadhaa, inasaidia. Hisia inapanda kama wimbi, inafika kilele, inashuka. Hujawahi kuiona ikishuka kwa sababu kila mara umekuwa ukiikimbilia chooni. Ikishuka, ndipo utembee polepole uende.

Anza kwa kungoja dakika 10. Wiki ijayo ongeza 15 kati ya safari na safari. Lengo ni saa tatu hivi. Na kabla ya gari ni mara moja. Moja!

Pili, nenda ukaongee na mtu. Hospitali ya rufaa ya Kisumu, pale wenyeji wanapaita Russia, wana kitengo cha afya ya akili, na Nakuru vilevile kwenye hospitali kuu. Najua utasema watu watadhani umepelekwa Mathari, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Waache wadhani.

---

OmeraKondele · saa 8:03 mchana

Sista, nimejaribu hiyo ya visigino hapa dukani, mteja ameniuliza kama nacheza ohangla.

---

MwanaLanet · wiki saba baadaye, Jumapili, saa 2:30 usiku

Niliahidi kurudi. Nimerudi.

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Dakika 10 nikiwa ofisini nilikuwa nasikia saa ya ukutani ikigonga kwenye nyonga. Lakini siku ya nne nililiona hilo wimbi likishuka. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya fotokopi, nimeshika karatasi, nahesabu pumzi. Likapanda, nikasema sasa ndiyo basi, halafu likaenda zake. Nilibaki pale nimeshangaa, mpaka karani akaniuliza kama mashine imekwama.

Mshauri nasaha nilimwona pia. Alinipa karatasi ya maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita: unashindwa kuacha kuwaza, unaogopa kama jambo baya litatokea, na kadhalika. Kila swali alama 0 hadi 3. Nikapata 13 kati ya 21. Akasema hiyo ni ya katikati, inatibika kwa mazungumzo, dawa tutazifikiria ikibidi. Sikujua kwamba kukosa usingizi Jumapili usiku, taya kuuma na kugombana na mtoto bure navyo vimo kwenye kifurushi hicho hicho. Mimi nilikuwa nimeona mkojo peke yake. Alinifanya niisimulie ile siku ya Mau Summit mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa. Mara ya kwanza nilitoka jasho. Mara ya nne nikacheka nilipofika kwa makanga.

Si kwamba nimepona kama wa kwenye matangazo. Wiki iliyopita mkaguzi alirudi, nikaenda mara 14 siku hiyo. Lakini siku nyingi ni nane au tisa, na jagi linasema 220, 250, juzi 310.

Ijumaa hii niliomba kiti cha nyuma, dirishani. Kwa makusudi. Nilikwenda mara moja Nakuru. Mau Summit ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, gari likapunguza mwendo, moyo ukaanza. Nikaachia misuli, nikahesabu. Kericho makanga aliuliza nani anashuka kujisaidia, nikashuka, nikalipa shilingi 10, nikatoa mkojo wa haki wa mtu aliyekaa saa mbili garini. Kutoka Kericho sikumbuki vizuri. Nilikuja kushtuka na joto la Ahero, nimeegemea bega la mzee mmoja, nimemlowesha mate.

---

MzeeLuanda · saa 2:58 usiku

Afadhali mate. Mimi nilikwenda kwa hicho kidole. Ni kweli, dakika moja. Tezi imekua lakini si ile mbaya, nimepewa vidonge, sasa naamka mara moja. Kesi ya shamba bado iko kortini.

---

MamaTatu_Kakamega · saa 3:04 usiku

Hongera baba! Na hongera Baba Hawi.

---

OmeraKondele · saa 3:20 usiku

Sasa hiyo ramani huna kazi nayo tena. Niko Awasi saa hii, gari limeharibika, nimekunywa uji mabakuli mawili. Ile hoteli yenye maji ya kukatika, kuna njia nyingine?

---

MwanaLanet · saa 3:22 usiku

Zunguka nyuma, pita kinyozi. Ufunguo uko kwa mama wa mandazi. Nunua mandazi mawili kwanza.